Silsila ya Walimu wa Barafuni

Kijana aliyesoma kwa masheikh wa Lamu au Zanzibar huulizwa mapema: umesoma kwa nani, naye alisoma kwa nani? Majina anayoyataja, moja baada ya jingine hadi kwa wazee waliofariki karne nyingi zilizopita, huitwa silsila. Elimu isiyo na silsila hutiliwa shaka. Kwa miaka mingi nimeufuatilia mchezo wa kuteleza kwa madaha barafuni, na kila ninaporudi kwenye historia ya mashindano ya ubingwa wa taifa wa Marekani, swali hilo la masheikh ndilo linalonifungulia mlango. Majina ya mabingwa yanajulikana. Majina ya waliowafundisha hutajwa kwa haraka, na humo ndimo ilimo historia yenyewe.

Nieleze kidogo kwa nini. Mtelezaji huvaa kiatu chenye chuma chembamba chini ya unyayo. Chuma hicho kina kingo mbili, ukingo wa ndani na ukingo wa nje, na katikati yake umepita mfereji mdogo. Kila anachokifanya, kuanzia upinde mpole hadi mruko wa mizunguko minne, huanzia kwenye ukingo mmojawapo. Akiuegemea kupita kiasi, au akiuacha mapema kufumba na kufumbua, anaanguka, na mara nyingi mwenyewe hajui alipokosea. Anayejua ni yule aliyesimama pembeni akimtazama miguu. Ufundi wa namna hii hausomwi kitabuni. Mwanagenzi hukaa chini ya fundi miaka kumi au zaidi, asubuhi kwa asubuhi, mpaka mwili wake ushike kile ambacho mwili wa mwalimu ulikwisha kushika.

Marekani ilichelewa kuuthamini ufundi huu ingawa ilimzaa aliyeuanzisha. Jackson Haines, mcheza dansi wa New York, alianza miaka ya 1860 kuteleza kwa muziki na kwa mwili uliolegea, wakati wenzake walikuwa wakichora michoro barafuni wakiwa wamekakamaa kama askari kwenye gwaride. Kwao hakupata wa kumsikiliza. Akavuka bahari, akapokewa Vienna, na huko akaacha wanafunzi. Alifariki Finland mwaka 1875. Mtindo wake ulirudi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ukiwa umeshaitwa mtindo wa kimataifa, na miongoni mwa walioupigania alikuwamo Irving Brokaw, aliyeshindana katika Olimpiki ya London mwaka 1908. Mwaka 1914, mjini New Haven katika jimbo la Connecticut, yalifanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa taifa kwa mtindo huo. Taji la wanaume lilikwenda kwa Norman Scott wa Montreal, Mkanada. La wanawake alilitwaa msichana wa Boston, Theresa Weld.

Ningependa msomaji alishike jina hilo la Theresa Weld. Vita Kuu ilisimamisha mashindano hadi 1918, na chama cha taifa cha mchezo huu kiliundwa mwaka 1921, lakini yeye alikuwapo kote huko. Alishinda mataji 6 ya wanawake, na mengine 9 ya wawili wawili akiwa na Nathaniel Niles. Kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 alipata medali ya shaba, na majaji wakamkaripia kwa kuruka mruko wa Salchow kwa madai kwamba haumfai mwanamke. Mruko wenyewe ulikuwa wa mzunguko mmoja tu. Mwaka 1923 alianzisha jarida la chama, Skating, akalihariri kwa miongo kadhaa. Mtu aliyekaripiwa kwa kuruka alirudi nyumbani akawa mtunza kumbukumbu wa mchezo wote.

Kutoka Boston hiyohiyo alitokea Maribel Vinson. Kati ya 1928 na 1937 alishinda ubingwa wa wanawake mara 9, akikosa mwaka 1934 peke yake, na aliongeza mataji 6 ya wawili wawili. Aliandika habari za michezo katika gazeti la New York Times wakati ambapo chumba cha habari za michezo kilikuwa cha wanaume watupu. Yote hayo ni makubwa, lakini mimi humkumbuka zaidi kama mwalimu. Alimfundisha Tenley Albright, msichana aliyepona polio akashinda ubingwa wa taifa mara 5 mfululizo kuanzia 1952, kisha akawa Mmarekani wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu, mwaka 1956. Baadaye Albright akawa daktari bingwa wa upasuaji. Vinson alimfundisha pia kijana mmoja aliyeitwa Frank Carroll, ambaye tutamrudia. Na aliwafundisha binti zake wawili, Maribel na Laurence.

Januari 1961, mjini Colorado Springs, Laurence Owen alishinda ubingwa wa wanawake akiwa na umri wa miaka 16. Dada yake, akiteleza na Dudley Richards, alishinda ubingwa wa wawili wawili. Picha ya Laurence ilitoka kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated la tarehe 13 Februari. Siku mbili baadaye, ndege ya Sabena nambari 548 iliyokuwa ikiwapeleka kwenye ubingwa wa dunia mjini Prague ilianguka karibu na uwanja wa ndege wa Brussels. Wote 72 waliokuwamo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa chini shambani. Timu nzima ya Marekani ilitoweka: watelezaji 18, na pamoja nao jamaa, maofisa na makocha. Mama Maribel na binti zake wawili walikuwamo. Mtelezaji Tim Brown, aliyemaliza wa tatu kwa wanaume, alikuwa mgonjwa. Aliyekwenda badala yake ni Douglas Ramsay, aliyekuwa wa nne. Ubingwa wa dunia wa mwaka huo ulifutwa.

Wengi hulielezea tukio hili kwa kuhesabu medali zilizopotea. Mimi naona hesabu hiyo ni fupi. Kijana wa miaka 16 anapokufa, taifa hupoteza bingwa wake wa miaka mitano au sita ijayo. Mwalimu anapokufa, hupotea mabingwa wa miaka 30. Ndani ya ndege ile alikuwamo Edi Scholdan, aliyewalea ndugu wawili Hayes na David Jenkins waliopokezana dhahabu ya Olimpiki, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1960. Alikuwamo Bill Kipp, aliyekuwa akimfundisha mtoto wa California wa miaka 12, Peggy Fleming. Mwaka uliofuata wale waliobaki walikwenda kushindana, baadhi yao wakiwa watoto ambao muda wao ulikuwa haujafika, na barabara ya kurudi ilifunguliwa na mama mzazi: Barbara Roles, mshindi wa shaba ya Olimpiki ya 1960 aliyekuwa amekwisha kustaafu na kujifungua, alivaa tena viatu na kushinda ubingwa wa taifa wa 1962. Chama kilianzisha mfuko wa kuwasomesha na kuwalea watelezaji kwa jina la marehemu, na kikaweka kanuni kwamba timu haitasafiri tena katika ndege moja.

Pengo la walimu lilizibwa na wageni. Carlo Fassi, Mwitalia, alikuja Colorado Springs. John Nicks, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa wawili wawili akiwa na dada yake mwaka 1953, alikwenda California. Fleming aliangukia mikononi mwa Fassi mwishowe, akashinda ubingwa wa taifa mara 5 kuanzia 1964, na mwaka 1968 huko Grenoble akaleta dhahabu ambayo ilikuwa ya pekee kwa Marekani katika michezo yote ya Olimpiki ile ya baridi. Fassi baadaye akamlea Dorothy Hamill, bingwa wa Olimpiki wa 1976. Hapo utaona kwamba silsila iliyokatika iliungwa kwa uzi wa nje, kama Vienna ilivyomhifadhi Haines na kumrudisha.

Lakini uzi wa ndani nao haukukatika wote. Frank Carroll alikuwa hai. Aliingia katika kufundisha, akamtoa Linda Fratianne, bingwa wa taifa mara 4 kati ya 1977 na 1980, na miaka mingi baadaye akampokea mtoto wa wahamiaji kutoka Hong Kong aliyeitwa Michelle Kwan. Kwan alishinda ubingwa wa taifa mwaka 1996, kisha akashinda mfululizo kuanzia 1998 hadi 2005. Jumla ni mataji 9, idadi ileile ya Maribel Vinson, na matano ya kwanza aliyapata chini ya mwanafunzi wa Maribel Vinson. Katika mashindano ya Philadelphia mwaka 1998 majaji walimpa alama kamili ya 6.0 mara 15 kwa programu mbili. Nimeitazama mara nyingi programu yake ndefu ya siku ile. Hakuna pale harakati hata moja ya kujionyesha. Mikono inamalizia wazo ambalo ukingo wa chuma umelianza. Hilo halijifunzi mtu peke yake.

Sasa nije kwenye sehemu ya historia hii inayoniuma kuliko ajali.

Miaka ya 1930, msichana mweusi aliyeitwa Mabel Fairbanks aliwaona watu wakiteleza katika bustani ya Central Park, New York, akanunua viatu vilivyotumika vikubwa kuliko miguu yake, akaanza. Alipokwenda kwenye uwanja wa ndani alifukuzwa mlangoni. Alirudi tena na tena, mpaka meneja akamruhusu. Mashindano ya taifa hayakuwa na kanuni iliyoandikwa kwamba mtu mweusi asiingie, na hapo ndipo ilipokuwa hila ya mfumo: ili ushindane ilikubidi uwe mwanachama wa klabu, na klabu hazikuwapokea weusi. Hakuna aliyehitaji kusema hapana. Karatasi ya uanachama tu haikupatikana. Fairbanks hakushindana hata siku moja katika ubingwa wa nchi yake. Aliishi kwa maonyesho, ndani na nje ya nchi, na alipohamia Los Angeles alikuta huko Pasadena kibao kinachotangaza kwamba wateja weusi hawatakiwi.

Ila katika ile miaka ya New York, mtu mmoja alimwona akijifunza na kumpa maelekezo bila malipo. Mtu huyo alikuwa Maribel Vinson.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Bingwa wa taifa alimfundisha mtu ambaye mashindano ya taifa yalimfungia mlango. Kile ambacho klabu zilikataa kukitoa, mwalimu alikitoa pembeni mwa uwanja, na mpokeaji hakukifukia. Fairbanks akawa mwalimu Los Angeles, akiwapokea watoto ambao klabu hazikuwataka, na wengine akiwafundisha bure kwa sababu wazazi wao hawakuwa na uwezo. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alipokelewa katika klabu ya Los Angeles, na mwaka 1966 akawa mtelezaji wa kwanza mweusi kushinda taji katika mashindano ya taifa, daraja la wanagenzi wa kiume. Ni Fairbanks pia aliyewashikisha mikono watoto wawili, Tai Babilonia na Randy Gardner, wakati hata wao wenyewe walikuwa wakioneana haya. Wakapelekwa kwa John Nicks, yule Mwingereza aliyekuja baada ya ajali, wakashinda ubingwa wa taifa mara 5 kuanzia 1976, na ubingwa wa dunia mwaka 1979. Katika wale wawili, uzi uliofungiwa nje na uzi ulioletwa kuziba pengo la 1961 zilifungwa fundo moja.

Mwaka 1986 Debi Thomas, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda ubingwa wa wanawake wa Marekani katika daraja la juu, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. Mwaka mmoja kabla yake Tiffany Chin alikuwa amelitwaa taji hilo, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia kufanya hivyo. Fairbanks aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa chama mwaka 1997. Alifariki 2001. Heshima ile ilikuwa haki yake, lakini miaka 60 ni mingi mno kwa mtu kusubiri kukaribishwa katika nyumba aliyosaidia kuijenga. Ndege ya Brussels iliwachukua walimu kwa ajali. Klabu zilimnyima mwalimu uwanja kwa hiari, na hasara ya pili haina kaburi wala jiwe la kumbukumbu, kwa sababu wale ambao hawakufundishwa hatutawajua majina.

Kuhusu Detroit ya Januari 1994 nitasema machache, maana imesemwa kuliko yote. Nancy Kerrigan alipigwa rungu gotini na mtu aliyekodiwa na watu wa karibu wa mpinzani wake Tonya Harding. Harding akashinda ubingwa. Baadaye akakiri kosa la kula njama ya kukwamisha mashtaka, na mwezi Juni akavuliwa taji. Hadi leo nafasi ya bingwa wa wanawake wa 1994 iko wazi. Sisikitikii ile kashfa bali kile ambacho kashfa ilikifunika: Harding, mtoto wa familia maskini ya Oregon, ndiye Mmarekani wa kwanza mwanamke kuruka mruko wa Axel wa mizunguko mitatu na nusu katika mashindano, kwenye ubingwa wa taifa wa 1991 mjini Minneapolis. Mchezo huu ni ghali, muda wa barafu hulipiwa kwa saa, na walio wengi waliozaliwa kama yeye hawafiki hata mlangoni.

Mashindano yenyewe yamebadilika sana umbo. Zamani sehemu kubwa ya alama, kwa muda mrefu asilimia 60, ilitokana na michoro ya lazima: mtelezaji alichora duara na nane barafuni, akarudia juu ya mstari uleule, na majaji wakainama kuukagua. Michoro hiyo ilikuwa alifu na bee za mchezo. Lakini haikuvutia watazamaji, na ilimwangusha Janet Lynn, bingwa wa taifa mara 5 kuanzia 1969, ambaye katika Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972 alipata shaba huku dhahabu ikienda kwa Beatrix Schuba wa Austria, malkia wa michoro. Uzito wake ukapunguzwa, na baada ya 1990 ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Marekani iliendelea kuifanyia mashindano ya peke yake hadi 1999. Naungana na walioing'ang'ania. Mtazamaji alikuwa na haki ya kuchoka, lakini mwanafunzi aliyepitia michoro ukimtazama leo unamtambua kwa utulivu wa magoti. Alama ya 6.0 nayo ilikwisha baada ya kashfa ya majaji katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002; ubingwa wa mwisho wa Kwan, wa 2005, ndio ulikuwa wa mwisho kuamuliwa kwa mfumo huo wa zamani.

Kuna desturi moja ya mashindano haya ninayoipenda. Hutolewa medali nne: dhahabu, fedha, shaba, na ya nne ya pewta, mchanganyiko wa madini ambao sehemu yake kubwa ni bati. Wa nne hupanda jukwaani na wenzake. Kwa watu waliomkumbuka Douglas Ramsay, nafasi ya nne si kitu cha kupuuzwa. Mwaka 2019, tena Detroit, Alysa Liu alishinda ubingwa wa wanawake akiwa na miaka 13, mdogo kuliko bingwa yeyote kabla yake, na washindi wa pili na wa tatu wakamshika mikono kumpandisha kwenye jukwaa.

Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, walimu wa huko walikuja Marekani kwa wingi kuliko wakati wowote. Rafael Arutyunyan, mzaliwa wa Georgia, alimfundisha Kwan miaka yake ya mwisho, kisha akamlea Nathan Chen, bingwa wa taifa mara 6 mfululizo kuanzia 2017 na bingwa wa Olimpiki wa 2022. Tatiana Malinina na Roman Skorniakov, waliowahi kuitelezea Uzbekistan, wanamfundisha mwana wao Ilia Malinin. Septemba 2022 huko Lake Placid, Ilia aliruka mruko wa Axel wa mizunguko minne na nusu, ambao kabla yake hakuna mtu aliyewahi kuukamilisha katika mashindano. Kutoka mzunguko mmoja wa Theresa Weld hadi hapo ni miaka 102.

Na Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa wawili wawili wa 1994 kwa Urusi, walihamia Marekani na mwishowe wakafundisha katika Klabu ya Boston, ileile iliyowapoteza watu wake mwaka 1961. Januari 2025 mwana wao Maxim alimaliza wa nne katika ubingwa wa taifa mjini Wichita, akapewa medali ya pewta. Yeye aliondoka mapema. Wazazi wake walibaki kwenye kambi ya mafunzo ya watoto wenye vipaji iliyofuata mashindano. Tarehe 29 Januari ndege iliyotoka Wichita iligongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac, Washington. Walikufa watu 67, na 28 kati yao walikuwa wa mchezo huu: watoto, wazazi wao, makocha. Boston ilipoteza watu 6, wakiwamo Shishkova na Naumov. Siku iliyofuata alifariki Dick Button, bingwa wa taifa mara 7 mfululizo, aliyekuwa na umri wa miaka 95.

Januari 2026, katika ubingwa wa taifa mjini St. Louis, Maxim Naumov alimaliza wa tatu. Alipokaa kusubiri alama zake alikuwa ameshika picha ya zamani: yeye akiwa mtoto mdogo barafuni, katikati ya baba na mama yake. Aliteuliwa kwenye timu ya Olimpiki ya Milano.